Mwenye Kovu

Kila baada ya miezi mitatu, Heo Jomrye alilazimika kuinama mbele ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfukuza nyumbani kwake.

Hakuwa na njia. Mumewe, Mzee Do Mansop, aliishi kwa ini la mtu mwingine, na anayeishi hivyo humeza dawa asubuhi na jioni mpaka siku ya kuzikwa. Mwili hausahau kwamba mgeni kaingia. Ukiachiwa nafasi, humfukuza. Katika hospitali kubwa ya Daegu dawa hizo zilipitia kwenye chumba kimoja chembamba, chenye dirisha lililotazama ukuta, na nyuma ya meza ya chumba hicho aliketi Pyo Yonhui, mfamasia wa wagonjwa waliopandikizwa viungo. Zamani alikuwa mke wa mtoto wao wa kwanza.

"Hujambo, Bi Mfamasia," Jomrye alikuwa akisema, kichwa chini.

Yonhui hakuwa na haraka ya kujibu. Aliutazama utosi ule, nywele zilizotiwa mawimbi ya saluni na kupakwa rangi nyeusi, akauacha ukae chini kidogo kuliko adabu ilivyotaka. Kisha ndipo aliposema, "Karibuni. Mzee, kaa. Damu umetolewa kabla ya kumeza dawa, au baada?"

Wodini walimwita Mama Saa, kwa jinsi alivyouliza wagonjwa saa. Umeamka saa ngapi, umemeza saa ngapi, umetapika saa ngapi. Madaktari wa upasuaji walikuja na visu vyao, wakapongezwa na kupigwa picha pamoja na jamaa za wagonjwa. Yeye alianza pale walipoishia. Ndiye aliyekaa na mgonjwa kumfundisha kuishi na mgeni tumboni: kidonge kipi hakichelewi, dawa gani ya kikohozi inagombana na kidonge kipi, mizizi ipi ya mganga wa jadi imerudisha watu mezani pa upasuaji. Miaka ya mwanzo alisimama nyuma kabisa ya msafara wa madaktari wakipita kitanda kwa kitanda, na hakuna aliyegeuka. Sasa Daktari Tak, mkuu wao, hakubadilisha dozi bila kuuliza, "Yonhui anasemaje?"

Watu walidhani ni wito. Hakuwakosoa. Ukweli ni kwamba aliitafuta kazi ile kama mtu anavyotafuta mti ulio juu ya njia ya adui, apande, akae, angoje. Chuki ikitunzwa vizuri humfanya mtu awe makini. Yonhui hakukosea dozi hata mara moja.

Alichongoja ni kidogo sana, ukikisikia. Alitaka akina Do waseme ini lile ni la nani.

Lilikuwa lake.

Wakati ule alikuwa msichana wa duka la dawa karibu na soko, akiuza plasta na dawa ya mafua, bibi arusi bado mpya. Ini la Mzee Do lilikuwa limegeuka jiwe. Madaktari walisema lazima apatikane mtu wa nyumbani wa kumkatia kipande, na ini, tofauti na viungo vingine, huota tena kwa aliyetoa na kwa aliyepewa. Wakakutana sikukuu ya mavuno huko kwao, bonde la Omgol, sahani za tambiko la mababu zimetoka tu kuondolewa mezani. Yonhui alimtazama mumewe, Gwangil. Gwangil alikuwa akitazama soksi zake.

"Gwangil ni kifungua mimba," alisema Jomrye. "Ndiye atakayetuandalia sisi meza tukifa. Nani atamgusa kwa kisu?"

Kisha mama mkwe yule akafanya jambo moja. Alisogea juu ya mkeka, akamkabili mke wa mwanawe, akapiga magoti.

Katika bonde lile, mkubwa akimpigia magoti mdogo, amemvisha kitanzi. Mdogo akisema hapana, si mtu tena. Yonhui alisema ndiyo kabla magoti hayajatulia vizuri chini.

Walimchana kutoka chini ya kifua mpaka ubavuni. Na kwa kuwa ilikuwa aibu mke wa watu kukatwa hali wana wa kiume wapo, nyumbani hawakusema kitu. Mume na mke wameenda Daegu kwa ajili ya baba, basi. Gwangil alikaa mjini miezi yote ile katika chumba cha kupanga, akinenepa. Aliporudi bondeni na baba aliyerudiwa na rangi, watu walimpigapiga mgongoni, na yeye hakuwazuia.

Yonhui alipopona, mumewe hakumgusa tena. Siku moja, akibadilisha nguo karibu na meza, Gwangil alimwambia bila hata hasira, "Kavalie kule. Chakula hakinishuki." Na mama mtu akaongeza, "Tumbo lililoshonwa namna hiyo litashika mtoto kweli?" Talaka ilitoka kovu likiwa bado jekundu. Mzee Do, siku ile Yonhui anafunga mizigo, alikaa barazani akimenya tufaha. Hakuinua macho. Lile ndilo lililomkata maini kuliko kisu.

Alirudi kusoma. Akapita mitihani ya utaalamu wa dawa za wodini, akaomba nafasi hospitali ile ile, kitengo kile kile. Waliomsaili walimuuliza anajua nini kuhusu wagonjwa wa aina hii. "Nimelala kitanda jirani na chao," akajibu.

*

Habari za uongo wa Gwangil alizipata kazini, mwaka huu wakati majani yanaanza kuwaka wekundu milimani. Mgonjwa mmoja wa figo, mama mkulima wa tufaha kutoka Omgol, alikuwa akipangiwa vidonge vyake, mdomo haufungi.

"Kwetu tuna uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika. Tutampa Gwangil wa akina Do. Unamjua? Yule aliyemkatia baba yake ini."

Yonhui aliendelea kutia vidonge kwenye vijumba vya kisanduku.

"Anasema mwenyewe?"

"Anasema! Ameandika kwenye mabango. 'Nilimpa baba ini, nitawapa ninyi moyo.' Mie nililia, Bi Mfamasia. Mtu aliyemtolea baba ini lake, atatuibia sisi mbolea?"

"Kovu lake mmeliona?"

"La kazi gani? Mtu mnyenyekevu yule. Hata hamamu haingii kuoga na wenzake siku hizi, anaona haya kusifiwa."

Mama yule alipoondoka, muuguzi Son Okbun, mwenye kupanga zamu za kitengo, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu pekee pale aliyejua yote.

"Dada," alisema, "mimi ningekwenda na tarumbeta."

"Na useme nini?"

"Niseme mwizi! Watu huibiwa pochi, baiskeli. Wewe umeibiwa kovu!"

Yonhui hakucheka. Alikwenda msalani akanawa uso kwa maji baridi, na kwenye kioo akamwona mtu anayetabasamu. Mtu huyo hakumpenda hata kidogo.

*

Wiki ile ile Mzee Do aliletwa kliniki. Mikono yake ilitetemeka kama ya mlevi, na majibu ya maabara yalikuwa mabaya: dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini ilikuwa imejaa mno katika damu, na figo zimeanza kulalamika. Safari hii Gwangil alikuja naye, suti nyeusi, viatu vinang'aa, simu haikai mfukoni. Jomrye aliinama kama kawaida. Gwangil aliinamisha kidevu tu.

Daktari Tak alipiga simu kutoka chumba cha upasuaji. "Namba za Do zimepanda. Kama hakuna alichobadilisha, tumpunguzie dozi nusu, aende nyumbani. Unasemaje?"

"Niwaulize kwanza."

Akaweka simu chini.

"Mzee anakunywa nini siku hizi?"

"Maji," akajibu Jomrye. "Na chai ya shayiri."

"Omija?"

"Hee! Tangu lini? Ulitukataza, tukakoma. Mitungi yote nimewapa majirani."

Ilikuwa majira yake. Bondeni Omgol wakati huu kila nyumba huwa imeloweka omija katika sukari, vitunda vyekundu kama shanga, na kila mgeni hupewa sharubati yake. Kinywaji kizuri, chachu, chenye kuamsha. Ila kwa mgonjwa wa namna hii huizuia dawa isitoke mwilini, kidonge kimoja kikawa kama vitatu. Yonhui aliitazama kola ya mzee. Ilikuwa na doa la waridi.

Akaelewa yote kwa mara moja: mzee anazungushwa kwenye kampeni.

Angeweza kuwaamini, hilo tu. Kumwambia Daktari Tak: wanasema hakuna kilichobadilika. Dozi ingekatwa nusu. Uchaguzi ungepita, sharubati zingekoma, na ile nusu dozi ingebaki peke yake, ndogo, haitoshi, mwili ungezinduka na kumkumbuka mgeni. Kabla ya theluji mzee angekuwa manjano kama boga. Na nani angelaumiwa? Waliulizwa, wakajibu. Uongo wao wenyewe ungewamaliza, na yeye asingeinua hata kidole. Aliionja fikra ile. Ilikuwa tamu, na aliiacha ulimini muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyekula kiapo cha taaluma.

Kilichomzuia si huruma. Afadhali kusema kweli: ulikuwa ubahili. Lile ini lilikuwa lake. Lilikuwa limekaa miaka yote hiyo ndani ya nyumba ile isiyo na shukrani, likichuja uchafu wao bila kuchoka, na sasa wauache uoze mchango wake kwa ajili ya kiti cha ushirika? Thubutu.

"Mzee," alisema, "toa ulimi."

Mzee akatoa. Ulikuwa mwekundu kama wa mtoto aliyeiba peremende.

"Shayiri hii inalimwa wapi?"

Jomrye akafungua mdomo, lakini mzee alitangulia, sauti yake kama karatasi. "Kila ukumbi wananipa kikombe. Mtoto anasema wanione nikinywa, nionekane mzima. Nikikataa nawatukana wapiga kura."

"Ni sharubati tu!" Gwangil akasema. "Matunda na sukari! Mnataka tuwape wazee wa watu pombe?"

"Anabaki hapa," Yonhui akasema. "Analazwa leo, mpaka dawa ishuke yenyewe. Dozi haikatwi kwa kubahatisha."

"Haiwezekani. Jumamosi ni mkutano wa mwisho. Lazima awepo mezani mbele."

"Basi mchukue. Ila kwanza piga simu hii, umwambie Daktari Tak kwa mdomo wako kwamba umemchukua, na kwa sababu gani."

Simu ilikaa mezani kati yao. Gwangil hakuigusa. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti ile ya zamani ya kuombea radhi.

"Yonhui. Una hasira na mimi, sawa. Usilipize kwa mzee."

"Gwangil," alisema naye kwa upole ule ule, "ningetaka kulipiza kwa mzee, ningekuamini wewe."

*

Jumamosi asubuhi, mzee bado amelazwa wodini, Yonhui aliendesha gari mpaka Omgol, bonde aliloapa kutolikanyaga tena. Siri ya mgonjwa asingeitoa. Hiyo ni amana, na hakufanya kazi miaka yote ile aje aivunje kwa ajili ya Gwangil. Lakini tumbo lake halikuwa siri ya mgonjwa yeyote. Katika kiti cha nyuma aliweka taulo, sabuni na kikapu kidogo cha plastiki.

Hamamu ya kijiji ilikuwa hatua chache tu kutoka ukumbi wa ushirika. Siku ya shughuli kubwa bonde zima huoga asubuhi, wanawake upande huu, wanaume upande ule, ukuta katikati usiofika darini. Hakuna anayeingia na nguo. Mtu aweza kuficha deni, ugonjwa, hata mtoto wa nje. Tumbo lake hawezi kulificha pale, na ndiyo maana Yonhui alistaajabia ujinga wa Gwangil: katika nchi yote hii ya watu wanaooga pamoja tangu kuzaliwa, alichagua kuiba kitu ambacho huonekana bafuni.

Alijimwagia maji, akapita katikati ya mvuke polepole, kichwa juu, asijifunike kwa taulo.

"We! Si mke wa Gwangil huyu?" Alikuwa Bibi Ma, msugua-watu wa hamamu, mikono kama ya mfua chuma, chupi nyeusi, glovu ya kijani ya kusugulia.

"Nilikuwa, bibi."

"Umekonda! Njoo ulale hapa, mgeni hasuguliwi kwa foleni."

Yonhui akalala chali. Glovu ilianza mabegani, ikashuka, ikasimama.

"Mama yangu mzazi. Nini hiki?"

"Kovu."

"Naona ni kovu! Sijazaliwa leo. La nini?"

"La ini."

Aliyekuwa anaosha nywele akafunga bomba. Mmoja akatoka kwenye maji ya moto, mwili mwekundu, akaja kutazama. Akaja na mwingine. Wanawake wa Omgol wakasimama wakiizunguka ile meza ya kusugulia kama watu waliokuja kutazama samaki mgeni, maji yakiwachuruzika.

"Ulimpa nani?" akauliza mmoja.

"Mie sitaji mtu, dada. Nimekuja kuoga."

Bibi Ma alifikiri. Ulionekana mzigo wa ile fikra ukipanda shingoni mwake, mpaka masikioni.

"Kwani uliolewa mara ngapi, mwanangu?"

"Mara moja."

"Haya." Akageuka, akaweka mkono wa glovu pembeni ya mdomo, akapaza sauti juu ya ukuta kwa mumewe, aliyesimamia upande wa wanaume. "Baba Gilsu! Ee Baba Gilsu! Gwangil wa akina Do amewahi kuoga huko tangu baba yake apone?"

Sauti ikarudi na mwangwi. "Gwangil? Hata siku moja! Anasema anaona haya!"

"Mkamlete leo! Mwambieni mwenyekiti haingii ofisini na taka! Mumsugue mgongo!" Akavuta pumzi. "Na tumbo!"

Upande wa pili mwanamume mmoja akaanza kucheka, akafuatwa na mwingine, na kicheko kile kikapanda juu ya ukuta pamoja na mvuke. Yonhui alifumba macho. "Sugua, bibi," alisema. "Usiogope, halina maumivu tena." Na Bibi Ma akasugua, taratibu, akilizunguka kovu kama mtu anayefagia kaburi la ndugu.

Yonhui alipotoka, nywele mbichi, alinunua maziwa ya ndizi akayanywa amesimama kando ya gari. Wanaume watano sita, mataulo shingoni, walikuwa wanaelekea ukumbini kwa furaha ya watu waendao kumchukua bwana arusi. Akawasikia kutokea ndani: "Twende, mwenyekiti! Maji yamechemka!" "Leo kichwa kinaniuma, kaka." "Kichwa hatukigusi!" Mlango wa nyuma ulifunguka. Gwangil alitoka upesi, koti mkononi, akamwona.

Yonhui aliweka chupa juu ya gari. Akamwinamia, mgongo wote, kama watu wanavyowainamia wafiwa.

*

Kiti cha ushirika kilikwenda kwa mfuga nyuki mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. Mabango ya Gwangil yalibanduliwa usiku mmoja, na inasemekana watoto wa shule walibuni mchezo wa kuonyeshana matumbo.

Kliniki iliyofuata Jomrye hakuinama. Aliingia na mkoba umebanwa kwapani.

"Umetuvua nguo mbele ya bonde zima."

"Aliyevua nguo ni mimi, mama. Nyinyi hamkuoga hata."

"Mwanangu hatoki nje! Wewe una moyo gani? Tunahamia Seoul. Kuna hospitali kule, kuna mafamasia kule. Mzee, inuka!"

Mzee Do hakuinuka. Mikono yake haikutetemeka tena. Ilikuwa imelala juu ya magoti kama glovu mbili za zamani.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nimeshazoea hapa."

Jomrye akarudi mpaka mlangoni, akasimama pale kwenye kizingiti, si ndani si nje. Korido ilikuwa imejaa wagonjwa wanaongoja zamu.

Yonhui alipanga vidonge. Namba zilikuwa nzuri. Ini lilikuwa linafanya kazi kama la kijana, na aliposoma hivyo alijisikia fahari ya ajabu, kama mama anayesoma ripoti ya mtoto aliyelelewa na watu wengine.

"Unanichukia," alisema mzee.

"Sana."

"Nilikaa pale, nikamenya tufaha."

"Nakumbuka."

"Sasa mbona unanitunza hivi?"

Alimsogezea kikombe cha maji na kidonge cha asubuhi juu ya kipande cha karatasi.

"Kwa sababu wewe ukifa, watasahau. Nataka uishi, mzee. Upite sokoni kila siku ya soko, uwe na afya, unenepe. Nitakutunza mpaka wakuchoke. Meza."

Akameza. Yonhui alilitazama koo likipanda na kushuka.

"Watu wakikuuliza ini hilo ni la nani," alisema, "utajibuje?"

Mzee alinong'ona kitu, macho yake magotini.

"Sikusikia. Na mkeo pale mlangoni, nadhani hakusikia."

Mzee Do akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mizigo, alimtazama.

"La Pyo Yonhui," alisema.

"Tena."

Akalisema tena, safari hii kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka.